Sabuni haina dhehebu

Novemba 1867 mmisionari David Livingstone aliliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, na siku chache baadaye akaingia mji wa mtawala Mwata Kazembe katika bonde la Luapula. Alimkuta huko mfanyabiashara Mwislamu wa msafara wa pwani, Muhammad bin Saleh, mtu mnene, mweusi, mwenye ndevu nyeupe pe na tabasamu la kupendeza. Watawala wa Kazembe walikuwa wamemzuia asiondoke kwa miaka mingi. Hakuwa ndani ya seli wala hakufungwa minyororo, lakini mfungwa alikuwa. Mmisionari akamwombea kwa Mwata, mzee akaachiwa, akashika njia ya Ujiji. Haukupita muda mrefu Livingstone akawa anamsema vibaya kwenye daftari lake la safari: mtu huyu hana shukrani, anawarubuni watu wangu, amewatia mfukoni.

Sitaki kuwaamulia marehemu. Lakini kisa hicho kina jambo ambalo wanaobishana leo kuhusu makanisa na magereza wanalizungukazunguka bila kulitaja. Anayemfungulia mfungwa mlango huwa na matumaini fulani moyoni mwake, hata kama ni mtu mwema, na hata kama hajayasema. Livingstone hakumtaka mzee abatizwe. Alitaka heshima tu, na hata hiyo alipoikosa, wema ukamtumbukia nyongo.

Tuje kwenye ufukwe wenyewe wa Mweru. Nchelenge ni wilaya ya mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo, yaani Kilwa na Pweto. Pembeni mwa Nchelenge ni Kashikishi, penye soko la samaki, ambako chisense, dagaa wa Mweru, huanikwa juani kwa wingi na biashara huenda kwa Kibemba na Kiswahili cha Katanga. Wanaosema Kiswahili wameongezeka tangu 2018, serikali ilipofungua makazi ya Mantapala kwa wakimbizi waliokimbia vita vya majimbo ya Kongo ya Tanganyika na Haut-Katanga. Kwa hiyo msomaji wa Kigoma au Lubumbashi asidhani habari hizi ni za watu wa mbali. Mtu anayefungwa huko anaweza kuwa jamaa yake.

Na kufungwa si jambo la ajabu sana mahali pale. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Sheria ya Uvuvi ya 2011 ipo, doria zipo, na njaa nayo ipo. Kijana anayekutwa usiku na wavu wa macho madogo, au wavu ulioshonwa kwa vyandarua vya mbu vilivyogawiwa kuzuia malaria, hupandishwa kizimbani. Akikosa faini, anakwenda kutumikia kifungo. Mkongo asiye na karatasi ana kosa la pili juu ya lile la kwanza. Anaweza kuishia gereza la Kawambwa au Mansa, mbali na mkewe, mbali na mtu yeyote wa kumletea chakula.

Sasa huyo akishaingia, nani anamrekebisha?

Kwa karatasi, serikali. Mabadiliko ya katiba ya 2016 yaliliondolea Jeshi la Magereza la Zambia jina la zamani na kulifanya kuwa chombo cha urekebishaji, na sheria mpya ikafuata 2021. Zanzibar walitangulia zamani sana, magereza yao yanaitwa Chuo cha Mafunzo, na kila mtu Unguja anajua kwamba kibao kipya hakileti godoro. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch, likishirikiana na PRISCCA, chama kilichoanzishwa na aliyewahi kuwa mfungwa, Godfrey Malembeka, lilitoa ripoti ambayo bado inaumiza kuisoma. Magereza yaliyojengwa kabla ya uhuru kwa watu 5,500 yalikuwa yamebeba zaidi ya 15,000. Watu walilala wameketi, au kwa zamu. Kati ya magereza 86, ni 15 tu yaliyokuwa na zahanati au chumba cha wagonjwa, na wahudumu wa afya wa jeshi zima walikuwa 14.

Katika pengo hilo ndimo makanisa yalimoingia. Yalikuja na sabuni, chumvi, blanketi, dawa ya upele, na Biblia. Masista wa Kikatoliki, Waadventista, Wapentekoste, wanawake wa United Church wenye sare zao. Anayewabeza watu hawa hajapata kusimama kwenye lango la gereza la wilaya na beseni la maharage kichwani akisubiri askari amalize kupekua. Wengi wao ni maskini wanaowalisha maskini wenzao, na mfungwa ambaye ndugu zake wako ng'ambo ya ziwa hana mgeni mwingine ila hao. Nalisema mapema kwa sababu hoja yangu inaweza kusikika kama shutuma dhidi yao, na sivyo.

Hoja yangu ni hii: mkono unaogawa sabuni na mkono unaogawa Neno isiwe ya mtu mmoja, kwa saa moja, kwa daftari moja la mahudhurio.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mtu asiye na kitu husogea kwa aliye nacho, na akisogea hujifunza haraka nini kinampendeza mwenye kitu. Gerezani somo hilo huchukua siku tatu. Ukiona wanaokwenda ibadani ndio wanaorudi na kipande cha sabuni, utakwenda ibadani. Ukiona kasisi anamjua kwa jina yule kiongozi wa kwaya, na mkuu wa gereza anamsikiliza kasisi, utajifunza kuimba sauti ya tatu. Kisha huja Mei 25, siku ya uhuru wa Afrika, na Oktoba 24, siku ya uhuru wa Zambia, ambapo Rais hutoa msamaha kwa wafungwa wenye mwenendo mzuri. Mwenendo mzuri hupimwaje ndani ya kuta nne? Mfungwa hana duka la kuaminiwa nalo, hana mke wa kumtunza, hana jirani wa kumtolea ushahidi. Ana ibada. Kila mtu ndani anaijua hesabu hiyo, hata kama hakuna sheria iliyoiandika.

Hapo ndipo wengine hushangaa: tatizo liko wapi? Zambia ni nchi ya Kikristo. Rais Frederick Chiluba alilitangaza Desemba 29, 1991, miezi miwili tu baada ya kuingia Ikulu, na utangulizi wa katiba unalisema hadi leo. Sensa ya 2010 iliwakuta Waprotestanti asilimia 75.3 na Wakatoliki 20.2. Waislamu hawafiki hata mmoja kwa mia. Kwa nini nchi nzima ijibane kwa ajili ya wachache?

Jibu la kwanza liko katika sentensi ileile ya utangulizi wa katiba, ambayo wasemaji wengi huikatisha katikati. Inaitangaza Jamhuri kuwa taifa la Kikristo huku ikilinda haki ya mtu ya dhamiri na imani. Na kifungu cha 19 kinasema mwanafunzi halazimishwi kufundishwa dini isiyo yake bila ridhaa. Kama mtoto wa shule, ambaye jioni anarudi kwao, amewekewa ulinzi huo, mtu aliyefungiwa usiku na mchana anauhitaji zaidi.

Jibu la pili ndilo la Luapula hasa. Hao asilimia 95 si kundi moja. Luapula ina Mashahidi wa Yehova wengi kwa namna ambayo imewafanya wanaanthropolojia waje kuandika vitabu. Kwao kusali na watu wa dhehebu jingine ni jambo la dhamiri, si la ladha. Mwaka 1966 binti wa miaka 11, Feliya Kachasu, alifukuzwa shule Mufulira kwa sababu hakutaka kuimba wimbo wa taifa na kuipigia bendera saluti, maana imani ya wazazi wake iliona ni ibada. Baba yake akaenda Mahakama Kuu. Mwaka uliofuata Jaji Mkuu Blagden aliamua dhidi yao. Sasa mchukue mtu wa imani hiyo, mvuvi wa Kashikishi, mweke kwenye gereza ambalo programu pekee ya kurekebishwa ni ya kanisa la Kipentekoste lenye ngoma na kunena kwa lugha. Nchi yake ni ya Kikristo, yeye ni Mkristo, na bado analazimishwa.

Ufukwe huu una kumbukumbu zake za aina hiyo. Upande wa Kongo wa ziwa hilohilo, mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari Dan Crawford alianzisha mji wa Luanza baada ya dola ya mtawala Msiri kuanguka. Waliokimbia utumwa na vita walipata kwake kiwanja, shule na mahubiri kwa pamoja. Waliomwendea kwa ajili ya kiwanja na waliomwendea kwa ajili ya mahubiri hawakutenganishwa, na pengine wengine wenyewe hawakujua walikuwa kundi gani.

Mbele kidogo, Lubumbashi, mji uliokuwa ukiitwa Élisabethville, alifia Simon Kimbangu. Wabelgiji walimkamata 1921 kwa kuhubiri na kuombea wagonjwa miezi michache tu, wakamhukumu kifo, mfalme akakibadilisha kuwa kifungo cha maisha, akakaa ndani miaka 30 hadi alipokufa Oktoba 1951. Baada ya kifo chake yakazuka madai kwamba akiwa mahututi hospitalini alikubali kubatizwa Mkatoliki. Wafuasi wake wanayakanusha mpaka kesho. Ninachokiona mimi ni kwamba ukweli wa ubatizo ule hauwezi kupatikana, kwa sababu ulifanyika, kama ulifanyika, mahali ambapo mbatizwaji hakuwa na uwezo wa kumfukuza mbatizaji. Ndiyo kasoro ya kila wongofu wa gerezani. Unaweza kuwa wa kweli kabisa, na hakuna njia ya mtu wa nje, hata aliyehubiri mwenyewe, kuuthibitisha.

Zambia nayo ilimweka kizuizini Alice Lenshina wa kanisa la Lumpa tangu 1964, baada ya mapigano yaliyoua mamia ya watu. Serikali za upande huu wa Afrika zimefunga wahubiri wengi kuliko zinavyopenda kukumbuka. Kwamba leo zinawakabidhi wahubiri funguo za darasa la gereza ni mabadiliko makubwa, na hayajajadiliwa inavyostahili.

Wamarekani walilijadili, tena mahakamani. Charles Colson, msaidizi wa Rais Nixon aliyefungwa kwa mambo yanayohusiana na Watergate, alianzisha Prison Fellowship mwaka 1976, na shirika hilo leo lina matawi duniani kote, Afrika ikiwemo. Mwaka 1997 lilianza Texas programu ya kurekebisha wafungwa kwa misingi ya Biblia, wakati George W. Bush akiwa gavana, kisha likaipeleka Iowa, kwenye gereza la Newton. Aliyejiunga alihamia bweni zuri kuliko mengine. Milango ya vyumba ilikuwa ya mbao badala ya chuma, mfungwa akawa na ufunguo wake, na choo kilikuwa na faragha. Asiyejiunga alibaki kwenye chuma. Wa dini nyingine waliruhusiwa kuingia, lakini kila somo, hata la kuzuia hasira, lilipitia kwa Yesu. Na sehemu ya fedha za umma zilizolipia programu ilitoka kwenye mfuko wa makato ya simu za wafungwa wenyewe! Yaani Mwislamu akimpigia mama yake, anachangia somo la Biblia.

Juni 2006 Jaji Robert Pratt aliamua kwamba huo ni uvunjaji wa katiba. Mahakama ya rufaa ikaafiki sehemu kubwa Desemba 2007, na mmoja wa majaji watatu alikuwa Sandra Day O'Connor, aliyekuwa amestaafu Mahakama ya Juu. Wakili wa Lusaka atasema katiba ya Marekani inatenga dini na serikali na ya Zambia haitengi hivyo, na atakuwa sahihi. Lakini mlango wa mbao na choo chenye faragha havihitaji katiba kueleweka. Mfungwa yeyote wa Mansa anajua thamani ya choo chenye faragha, na anajua angekubali kukiri nini ili akipate.

Texas nako kuna jambo la kujifunza, la hesabu. Mwaka 2003 mtafiti Byron Johnson alichapisha matokeo yaliyoshangiliwa hadi Ikulu ya Marekani: waliohitimu programu ile waliorudi jela walikuwa asilimia 8 tu, wakati wafungwa wa kulinganishwa nao walikuwa 20.3. Kisha watafiti wengine, hasa Mark Kleiman, wakafungua ripoti na kuhesabu upya. Walioanza walikuwa 177. Waliohitimu walikuwa 75. Na ili uhesabiwe umehitimu ilibidi, pamoja na mengine, uwe umetoka gerezani, umepata kazi na kudumu nayo, na unahudhuria kanisa. Ukiwachukua wote 177 walioanza, waliorudi jela walikuwa asilimia 24.3, yaani zaidi kidogo ya wale ambao hawakupata programu yoyote. Ni kama mwalimu mkuu anayewaondoa wanafunzi dhaifu mwezi mmoja kabla ya mtihani, halafu anapokea kombe la ufaulu.

Sileti takwimu hizo kusema dini haimbadilishi mtu. Inambadilisha, na kila familia ina shahidi wake. Nasema tusikubali ushuhuda wa jukwaani kuwa kipimo. Kwenye mikutano ya injili ya Zambia, Tanzania na Kenya, aliyekuwa jambazi akishika kipaza sauti, watu hulia. Hakuna anayeuliza wenzake waliobatizwa siku ileile wako wapi.

Halafu kuna suala la ugonjwa wenyewe, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Programu ya dini hudhani mfungwa amefungwa kwa sababu moyo wake umepotoka. Kwa mwizi wa silaha au mbakaji, sawa, huenda. Lakini rudi kwa yule kijana wa wavu wa chandarua. Kosa lake ni la kweli, kwa sababu wavu ule unakomba vifaranga vya samaki na kuwanyima wenzake wa mwakani. Ila moyo wake hauna hitilafu yoyote ambayo toba itairekebisha. Alivua Januari kwa sababu watoto hula Januari. Mhubiri akimkalisha wiki kumi kumfundisha kujichunguza, atakayetoka ni mtu mnyenyekevu asiye na wavu halali. Anachohitaji ni mkopo wa wavu wenye macho yanayoruhusiwa, fundi wa kumfundisha kufuga samaki bwawani au kuchonga mitumbwi, na mtu wa kumweleza kwa lugha yake mpaka wa maji ya Zambia na Kongo unapitia wapi. Kwa Mkongo, ongeza mkalimani wa Kiswahili mahakamani.

Uganda wametoa mfano wa msaada wa namna hii, usiopitia ibadani. Susan Kigula alikuwa amehukumiwa kunyongwa, akiwa gereza la Luzira. Kesi inayobeba jina lake iliamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, na kwa uamuzi huo hukumu ya kifo ya lazima ikaondoka. Akiwa ndani akasomea sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London, akatoka 2016. Kitabu cha sheria hakina dhehebu. Kenya nako, waziri Moody Awori alipofungua milango ya magereza kuanzia 2003, waliingia wahubiri, na waliingia pia walimu, wanahabari na magodoro. Palipo na wageni wengi, hakuna mgeni mmoja anayeweza kumshika mfungwa kooni.

Kenya hiyohiyo inatukumbusha pia kwamba si kila anayejiita mchungaji ni mchungaji. Shakahola, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu, na kesi ya mhubiri Paul Mackenzie ndiyo imebeba aibu hiyo. Kama watu huru, wenye simu na miguu, waliweza kushikwa hivyo, sembuse mtu ambaye mlango wake unafungwa na mwingine. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataka mwakilishi wa dini anayeingia gerezani awe na sifa. Kanuni ya 65 inasema mfungwa asinyimwe kumwona kiongozi wa dini yoyote, na palepale inaongeza kwamba akikataa kutembelewa, msimamo wake uheshimiwe kikamilifu. Kikamilifu maana yake asipoteze sabuni.

Je, inawezekana kanisa litoe huduma bila kuikamata roho ya anayehudumiwa? Inawezekana, na mfano uko Kashikishi kwenyewe. Hospitali ya St. Paul's ni ya misheni ya Kikatoliki. Hospitali za aina hiyo Zambia zimekusanyika chini ya chama cha afya cha makanisa, CHAZ, tangu 1970, na makubaliano yao na serikali ni ya wazi: serikali inatoa wauguzi, mishahara na dawa, kanisa linasimamia. Nchelenge ni mojawapo ya maeneo yenye malaria kali kuliko mengine Zambia. Mama anayemleta mtoto mwenye homa usiku anapimiwa damu ya mtoto kabla mtu hajamuuliza anasali wapi. Kikanisa kipo, sala zipo, anayetaka aende. Hakuna aliyewahi kupunguziwa kwinini kwa sababu hakuimba. (Na tukumbuke Paulo mwenyewe, ambaye hospitali imepewa jina lake, alikuwa mfungwa wa kurudiarudia. Barua zake kadhaa aliziandika akiwa amefungwa.)

Kilichowezekana wodini kinashindikana vipi gerezani? Tofauti ni kwamba hospitalini serikali ilikubali kwamba kwinini ni wajibu wake, hata kama mtawa ndiye anayeitoa. Gerezani haijakubali hivyo kuhusu blanketi. Imeacha blanketi liwe sadaka, na sadaka ina mwenyewe.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa haiendi kwa makanisa. Inaenda Lusaka. Wizara husika ikiweka bajeti ya sabuni, chakula na dawa kwa kila mfungwa, Mzambia au Mkongo, mchungaji ataingia na Neno tu, na atakayekaa kumsikiliza atakuwa amekaa kwa sababu anataka. Nadhani wachungaji wazuri wangefurahi kuliko wote, maana kwa mara ya kwanza wangejua nani anawasikiliza kweli. Programu za ufundi zifunguliwe kwa wote, zifadhiliwe na yeyote, na mwalimu wake asiwe ndiye anayeandika barua ya kumpendekeza mfungwa kwa msamaha. Ripoti za mafanikio zihesabu kila aliyeanza, siyo aliyemaliza peke yake. Na bodi inayopima mwenendo isiruhusiwe kutazama mahudhurio ya ibada, ya dhehebu lolote.

Hakainde Hichilema hahitaji kufafanuliwa haya. Mwaka 2017, akiwa kiongozi wa upinzani mwenye kesi ya uhaini, alikaa ndani miezi minne, Lusaka na Mukobeko ya Kabwe. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alipoingia madarakani kama Rais 2021 aliifuta wizara ya mambo ya dini, na Desemba 2022 akatia saini sheria ya kufuta adhabu ya kifo. Aliyeweza kuondoa kitanzi hashindwi kuweka kipande cha sabuni kwenye bajeti.

Nawe msomaji, kama kanisa lako au msikiti wako una kikundi kinachotembelea magereza, iwe Kashikishi, Kigoma, Lubumbashi au Kisumu, muulize kiongozi wake swali moja wiki hii: asiyekuja kuswali nasi anapata mgao? Kama jibu ni hapana, ombeni mgao utolewe asubuhi, seli kwa seli, na ibada iwe mchana.